Usifute

Fomu ina visanduku vitano.
Uhasibu. Ufundi Mitambo. Programu za Kompyuta.
Upishi. Umeme wa Magari.
Tia alama moja tu, kalamu nyeusi, usifute.
Nina miaka kumi na mitano
na mpaka leo kila nilichoandika kilikuwa na ufutio pembeni.

Baba ni mkereza vyuma hapa Tegal,
karakana ya mabati nyuma ya reli.
Kidole chake cha shahada kiliishia kwenye fundo la pili
mwaka niliozaliwa mimi,
kwa hiyo akihesabu wanawe hutumia mkono wa kushoto.
Aliishika fomu kwa ncha za kucha, asiipake grisi.
"Hiyo mashine yako," akauliza, "inakata nini?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Mama aliendelea kufungasha tempe kwenye majani ya mgomba,
kunja pembe, geuza, kunja pembe,
mtu asiyesikia kitu, na alisikia.

Mjomba Sukamto alishaamua: uhasibu.
Benki zina kiyoyozi, na msichana hachakai upesi.
Mwalimu Endang hakutaka kunidanganya:
shule ina kompyuta ishirini na nne,
kumi na moja ndizo huamka,
na mbili kati ya hizo huamka na kisirani.

Sikumwambia yeyote habari za daftari.

Daftari la madeni la mama, lenye picha ya paka jaladani:
nani kachukua tempe, nani kalipa, nani kaapa Ijumaa.
Mwezi wa tatu, kwenye simu ya binamu yangu Tunjung,
kioo kimepasuka, herufi ya R haibonyezeki bila kubembelezwa,
niliandika mistari arobaini na mmoja.
Kama amekopa, ongeza.
Kama amelipa, toa.
La sivyo, nenda jina linalofuata.

Ikajibu: Bu Rasmini, hasi elfu nne.

Hasi! Mtu hudaiwaje chini ya sifuri?
Usiku wa kwanza nilitafuta kosa langu,
usiku wa pili nikalitafuta tena,
nukta kwa nukta, mabano kwa mabano.
Usiku wa tatu nikalifungua daftari lenyewe.
Bu Rasmini alilipa mara mbili.
Kurasa mbili mbalimbali, wino mmoja, mkono wa mama.
Mama akaacha kukunja.
Alfajiri alibisha mlango wa Bu Rasmini
na vifurushi vinane vya tempe,
wala hakusema ni nani aliyemshtaki.

Tangu hapo nalipenda neno hili dogo, kama.
Lina milango miwili:
kama mvua itanyesha, na, analia kama mvua.
Mashine huujua mlango mmoja tu.
Ukiiambia *kama baba*, haifananishi,
hungoja.
Kama baba, nini? Maliza sharti.

Nami sikuweza kulimaliza.
Kama baba atakubali.
Kama baba ataumia.
Kama baba, nami nasimama saa kumi mbele ya kitu
kisichosamehe unywele mmoja.

Jana usiku nikamwendea karakanani.
"Haikati," nikamwambia. "Inapima."
Akazima mota. Gurudumu likazunguka bado kidogo
kwa ukaidi wake, kisha likatulia.
"Inapima kwa usahihi gani?"
Nikamsimulia zile elfu nne.

Hakucheka. Alifuta mikono kwa tambara
ambalo lenyewe lilikuwa chafu kuliko mikono,
akaiweka fomu juu ya sanduku la vifaa, akatia sahihi,
polepole, akiikandamiza isiteleze.

Asubuhi ndipo nilipoona:
alama yangu nyeusi kwenye kisanduku cha tatu,
na kwenye cha pili, Ufundi Mitambo,
dole gumba zima la grisi, mistari yote imetokeza.

Usifute, fomu imesema. Sikufuta.
Mwalimu Endang akaiinua kwenye mwanga wa dirisha,
akaniuliza ipi ni yangu.